Utambuzi Kwanza, Dawa Baadaye: Ukungu wa Mpunga na Afya ya Mkulima

Usiku mmoja wa masika, nikiwa zamu katika wodi ya magonjwa ya ndani, aliletwa mkulima wa mpunga mwenye umri wa miaka 40 hivi. Alikuwa ametapika tangu alasiri, jasho likimtoka hadi shuka limelowa, mate yakimchuruzika, na kifua kikikoroma kama cha mtu aliyemeza maji akiogelea. Kituo alikoanzia kilimpima malaria. Vimelea havikuonekana, lakini alichomwa sindano ya malaria kwa tahadhari kisha akapewa rufaa. Nilipomuuliza mkewe mgonjwa alikuwa na kazi gani mchana ule, alijibu kama mtu asiyeona uzito wa jambo: "Alikuwa anapiga dawa ya ukungu tu, daktari."

Neno hilo "tu" lilinipotosha. Nilijua kwamba viuakuvu vingi, yaani dawa zinazoua ukungu wa mimea, havidhuru mishipa ya fahamu kama vinavyofanya viuadudu vya jamii ya oganofosfeti. Nikapoteza takriban dakika 20 nikitafuta nimonia na ugonjwa wa moyo, hadi muuguzi niliyekuwa naye zamu alipomulika macho ya mgonjwa kwa tochi na kuniambia, "Dokta, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano." Tukaanza kumpa atropini papo hapo.

Asubuhi shemeji yake alituletea mfuko uliotoka shambani. Ndani yake mlikuwa na pakiti ya mankozebu, ambayo ni kiuakuvu, na chupa ya profenofosi, ambayo ni kiuadudu cha oganofosfeti. Mgonjwa alikuwa amevichanganya vyote katika bomba moja la mgongoni ili, kama alivyotueleza alipopata nafuu, "kazi iishe kwa mara moja". Bomba lilikuwa linavuja, na maji ya dawa yalimlowesha mgongo kwa saa kadhaa.

Alipona. Nimebadilisha baadhi ya maelezo yake ili asitambulike, lakini kosa langu sijalibadilisha. Nililikubali jina la dawa kabla ya kuuliza ndani ya bomba mlikuwa na nini. Naandika makala haya kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaopokea wagonjwa kutoka mabonde ya mpunga, na kwa ajili ya wakulima na familia zao, kwa sababu usalama wa anayelima mpunga huanza na utambuzi sahihi wa kile kinachoushambulia mpunga wenyewe.

Jani la njano lina maana zaidi ya moja

Mgonjwa aliporudi kliniki baada ya wiki mbili, alinionyesha picha za majaruba yake kwenye simu. Mpunga ulikuwa umedumaa, majani yakiwa na michirizi ya njano. Kwa ridhaa yake nilimtumia picha hizo afisa ugani ninayefahamiana naye. Jibu lake lilikuwa fupi: huo si ukungu, ni kimyanga.

Kimyanga ni ugonjwa wa virusi. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu, Kenya, na tangu hapo umeonekana katika nchi nyingi za Afrika zinazolima mpunga. Huenezwa na wadudu jamii ya mbawakawa wanaotafuna majani, na pia kwa utomvu unaobebwa na mikono na zana wakati wa kupandikiza. Hakuna kiuakuvu kinachoutibu, kama vile dawa ya fangasi isivyotibu surua. Mkulima huyu alikuwa amenusurika kifo kwa kupuliza dawa mbili, na katika hizo hakuna hata moja iliyoweza kuuponya ugonjwa uliokuwa shambani mwake.

Ukungu wa mpunga wenyewe husababishwa na kuvu iitwayo *Pyricularia oryzae*. Dalili yake kwenye jani ni mabaka yaliyochongoka pande zote mbili, yenye rangi ya kijivu katikati na kingo za kahawia. Mabaka yakiwa mengi huungana na jani hukauka kana kwamba limebabuliwa na moto. Hatari kubwa zaidi huja kuvu inaposhambulia shingo ya suke: shingo huwa nyeusi au ya kahawia, chakula hakipandi, na suke hubaki na makapi matupu.

Hata suke jeupe halitoshi kuwa ushahidi. Funza wa mabua naye hulifanya suke kuwa jeupe. Lishike ulivute. Likichomoka kwa urahisi, na bua likiwa na tundu au limeliwa ndani, adui ni funza. Likibaki imara, na shingo ikiwa na pete nyeusi, adui ni ukungu.

Ugonjwa wa tatu ni madoa ya kahawia, unaoletwa na kuvu iitwayo *Bipolaris oryzae*. Madoa yake ni madogo, ya mviringo au ya umbo la yai, na mara nyingi hutangaza kwamba udongo umechoka au una upungufu wa virutubisho. Ugonjwa huu uliushambulia sana mpunga wa Bengal mwaka 1942, mwaka mmoja kabla ya njaa kuu ya 1943 iliyoua mamilioni ya watu. Vita, bei na maamuzi ya watawala vilichangia njaa hiyo, na wanahistoria wangali wanajadili uzito wa kila sababu. Hata hivyo, tukio hilo linatukumbusha kwamba kuvu ya mpunga ni suala la afya ya jamii, kwa maana ghala tupu huzaa utapiamlo, na utapiamlo hujaza wodi.

Kinga huanzia kwenye kitalu

Mimi si mtaalamu wa kilimo, na maelezo ya kina yapo kwa maafisa ugani. Lakini kama daktari nimejifunza kuziheshimu hatua zifuatazo, kwa kuwa kila moja hupunguza siku ambazo mkulima atalazimika kubeba bomba.

Hatua ya kwanza ni mbegu. Kuvu ya ukungu huweza kusafiri ndani ya mbegu na kubaki kwenye mabua ya msimu uliopita. Mkulima atumie mbegu safi kutoka chanzo kinachoaminika, na aulize ni aina zipi zinazostahimili ukungu katika eneo lake. Mbegu huchambuliwa kwa maji ya chumvi yaliyokolea kiasi cha kuelesha yai bichi. Mbegu pepe zinazoelea huondolewa, na zinazozama husuuzwa kwa maji safi kabla ya kulowekwa.

Hatua ya pili ni mbolea. Urea ikimwagwa yote kwa mkupuo, mpunga hunawiri haraka, majani yakawa laini na yenye kijani kizito, na kuvu hupenya kwa urahisi. Ni afadhali mbolea hiyo igawanywe mara mbili au tatu, kwa kiasi kinacholingana na udongo. Dalili za ukungu zikionekana, mkulima asiongeze urea akidhani mpunga una njaa.

Hatua ya tatu ni maji na nafasi. Mpunga uliokauka kisha ukanyeshewa hushambuliwa zaidi kuliko ule uliotunzwa kwa maji ya kutosha. Miche iliyopandikizwa kwa mistari, kwa mfano sentimita 20 kwa 20, hupitisha hewa na majani hukauka umande mapema. Kuvu hii huhitaji jani lililolowa kwa saa nyingi ili ipenye, hivyo kila saa ya ukavu ni kinga.

Hatua ya nne ni usafi wa shamba. Mabua yenye ugonjwa, machipukizi ya mpunga wa msimu uliopita na magugu ya kingoni yaondolewe. Usafi huo husaidia pia dhidi ya kimyanga, ambapo mashina yaliyoambukizwa hung'olewa mapema na kufukiwa.

Zipo nyakati ambapo kiuakuvu huhitajika, hasa aina ya mpunga inaposhambuliwa kirahisi, hali ya hewa ni ya mvua na umande, na dalili zimethibitishwa kabla masuke hayajatoka au yanapoanza kutoka. Muda ni muhimu. Shingo ya suke ikishaoza, hakuna dawa inayorudisha punje. Kupuliza wakati huo ni kununua sumu bila faida.

Tulikopitia: Japani na Iraki

Ukungu wa mpunga una historia ndefu katika elimu ya sumu. Japani, kuanzia miaka ya 1950, mashamba ya mpunga yalinyunyiziwa vumbi lenye michanganyiko ya zebaki ili kuua kuvu hii. Ukungu ulipungua, lakini zebaki ilibaki katika mazingira na kuonekana katika mchele wenyewe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 matumizi hayo yalikuwa yakiachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na dawa nyingine, zikiwamo antibiotiki za shambani kama blastisidini na kasugamisini. Blastisidini nayo ilionekana kuwasha vikali macho ya wapulizaji.

Iraki ilipata funzo chungu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1971 ziliingizwa mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa zebaki ya methili ili zisishambuliwe na kuvu. Mbegu zilifika baada ya wengi kumaliza kupanda. Tahadhari kwenye magunia iliandikwa kwa Kihispania, lugha ambayo wakulima hawakuijua. Wengine waliiosha rangi nyekundu iliyopakwa kama alama ya hatari, wakadhani sumu imeondoka pamoja na rangi. Wengine waliwalisha kuku, wakaona siku chache zimepita salama, wakaoka mkate. Dalili zilianza baada ya majuma: ganzi mikononi na mdomoni, kuyumba, kupoteza uwezo wa kuona. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao walifariki.

Zao lilikuwa ngano, lakini somo linamhusu kila mwenye gunia la mbegu iliyotiwa dawa. Mbegu ya namna hiyo haiwi chakula kamwe. Kuosha, kukoboa au kupika hakuifanyi kuwa salama, na haifai kulishwa hata kuku.

"Dawa ya ukungu" ni jina la kazi, si jina la sumu

Mhudumu mwenzangu, jina "dawa ya ukungu" linakueleza dawa inafanya kazi gani shambani. Halikuelezi inafanya nini mwilini. Kwa hiyo soma kiambato hai kwenye lebo, nawe utaona kwamba viuakuvu ni jamii nyingi zisizofanana.

Viko viuakuvu ambavyo ni oganofosfeti. Iprobenfosi na edifenfosi vilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya ukungu wa mpunga, na huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi kama viuadudu vya jamii hiyo. Mgonjwa wa sumu hizi huhitaji atropini, ingawa alichopuliza kinaitwa dawa ya ukungu.

Mankozebu na thiramu ni dithiokabamati. Jina linafanana na kabamati zinazozuia kolinesterasi, lakini hizi hazina athari hiyo kwa kiwango cha kuleta picha ya ugonjwa niliyoieleza. Zaidi huwasha ngozi, macho na koo. Thiramu, inayotumika kupaka mbegu, ina ndugu wa karibu katika dawa ya disalfiramu, hivyo anayekunywa pombe baada ya kuigusa au kuivuta anaweza kuiva uso, kwenda moyo mbio na kutapika. Karbendazimu nayo, licha ya jina lake la kikemia kubeba neno kabamati, si ya kutibiwa kwa atropini.

Viuakuvu vya shaba vikimezwa hutapisha, na matapishi huweza kuwa ya bluu au kijani. Baadaye chembe nyekundu za damu huweza kupasuka na figo kushindwa kufanya kazi. Triazoli, kama propikonazoli na tebukonazoli, mara nyingi hazina sumu kali ya ghafla, lakini vimumunyisho vilivyomo kwenye chupa huweza kuharibu mapafu iwapo mgonjwa atapaliwa.

Juu ya yote, dawa huchanganywa. Kwa hiyo swali sahihi si "ulipiga dawa gani?" bali "katika bomba mlikuwa na vitu vingapi, na chupa zake ziko wapi?"

Saa ya kwanza

Lebo isipopatikana, mtibu mgonjwa unayemwona. Mboni zilizosinyaa, jasho, mate na machozi mengi, kutapika, kuhara, misuli kuchezacheza, mapigo ya polepole na kifua kinachokoroma ni picha ya kolinesterasi iliyozuiwa. Usisubiri kipimo cha maabara, na kipimo cha malaria kikiwa hasi kisikupumzishe.

Vaa glavu. Safisha njia ya hewa na toa oksijeni ikiwapo. Isipokuwapo, usiicheleweshe atropini kwa ajili hiyo. Mtu mzima hupewa atropini miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, na dozi huongezwa maradufu kila dakika 5 hadi kifua kiwe kikavu, mapigo yazidi 80 kwa dakika na namba ya juu ya shinikizo la damu izidi 80. Baada ya hapo huendelezwa kwa dripu, kila saa asilimia 10 hadi 20 ya jumla iliyohitajika. Lengo kuu ni mapafu makavu. Upana wa mboni peke yake usikuongoze. Degedege hutulizwa kwa diazepamu. Pralidoksimu, pale inapopatikana na mtaalamu akiielekeza, haichukui nafasi ya atropini.

Mara hali inaporuhusu, vua nguo zote za mgonjwa, zifungie kwenye mfuko, na umwoshe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na chini ya kucha. Usimtapishe. Maziwa, ambayo familia nyingi huyakimbilia, si dawa ya sumu hii, na kwa mtu aliyelegea huweza kuingia mapafuni.

Usimruhusu kurudi nyumbani mapema. Kati ya saa 24 na 96 baadhi ya wagonjwa walioonekana kupona hulegea shingo, kisha misuli ya kupumulia. Kila unapompitia, mwombe ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, jiandae kumsaidia kupumua.

Kuvu ya shambani na kuvu ya mapafuni

Lipo jambo moja zaidi linalounganisha shamba na wodi. Triazoli zinazopulizwa kwenye mazao zina undugu na dawa tunazowapa wagonjwa, kama itrakonazoli na vorikonazoli. Kuvu iitwayo *Aspergillus fumigatus*, inayoishi kwenye udongo na mabaki ya mimea, huzoea triazoli za shambani, kisha mtu huivuta ikiwa tayari ina usugu. Mwaka 2014 watafiti walichapisha taarifa ya kuvu sugu ya namna hii iliyopatikana katika mazingira ya Kilimanjaro. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka *Aspergillus fumigatus* katika kundi la juu kabisa la kuvu zinazohitaji kipaumbele. Kila mnyunyizo usio na sababu unamgusa hata mgonjwa aliyewahi kuugua kifua kikuu, ambaye mapafu yake yenye makovu ni makazi rahisi ya kuvu hiyo, na ambaye hajawahi kukanyaga jaruba.

Kwa mkulima na familia yake

Kabla ya kununua dawa, mwonyeshe afisa ugani jani na suke. Nunua chupa yenye lebo unayoweza kuisoma, iliyosajiliwa na mamlaka husika. Kwa Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda haina jina, na siku ya dharura daktari hatakuwa na pa kuanzia.

Usichanganye dawa kwa kukisia. Kagua bomba kwa maji matupu kwanza, likivuja, litengeneze. Vaa nguo ndefu, glavu, buti na kinga ya macho. Uwe na upepo mgongoni, usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, na usizibue pua ya bomba kwa mdomo. Dawa ikirukia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituoni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na anayezifua avae glavu.

Zingatia siku zilizoandikwa kati ya kupuliza na kuvuna. Chupa tupu isitunzie maji wala mafuta ya kula. Dawa ifungiwe kwa kufuli, mbali na watoto, na mbali pia na mtu mzima aliye katika huzuni kubwa. Wengi tuliowapoteza kwa sumu hizi walizichukua katika saa moja ya kukata tamaa, kwa sababu tu zilikuwa karibu.

Ukipatwa na dalili baada ya kupuliza, nenda kituo cha afya ukiwa na chupa na pakiti zote, hata kama umechanganya, hata kama unaona haya. Hakuna atakayekugombeza, hizo chupa ni nusu ya matibabu yako.

Mgonjwa wangu alirudi shambani. Msimu uliofuata alipanda mbegu nyingine aliyoshauriwa na afisa ugani, na majani yalipogeuka rangi hakwenda dukani kwanza. Siku hizi, mkulima yeyote anapoletwa wodini akitoka jasho, namuuliza maswali mawili kabla sijafungua faili lake: katika bomba mlikuwa na nini, na ni nani aliyekwambia shamba lako lina ukungu?